Aliwaacha Wamesimama

Siku Angelina anaondoka Namihondo, darasa la tatu zima lilisimama kumuaga. Alikuwa amemaliza mazoezi yake ya ualimu katika kijiji hicho kilichojificha ndani kabisa huko Liwale, na gari la kumpeleka mjini lilikuwa nje likipiga honi bila huruma. Watoto wakasema kwa sauti moja, "Kwaheri, mwalimu," kisha wakanyamaza wakisubiri. Kila aliyesoma shule zetu anajua walichokuwa wakisubiri: mwanafunzi haketi mpaka mwalimu aseme kaeni. Angelina akafuta machozi, akabeba begi lake, akatoka. Neno hilo alilikumbuka gari likiwa limekwishavuka mto, akacheka peke yake. Si watakaa tu, alijisemea, watoto wana akili zao.

Mwalimu mkuu, Ignasi, alikuwa amemwomba arudi kufundisha kwa kujitolea wakati akisubiri ajira. Mdomoni alimjibu kwa adabu. Moyoni alisema labda wewe. Arudi kufanya nini kule? Nyumba ya mwalimu imejaa popo, na ukitaka kupiga simu lazima upande kichuguu. Dar alikuwa na Shangazi Evelyn, na Shangazi Evelyn alikuwa na duka Kariakoo, mtaa wa Sikukuu, madera na vitenge mpaka darini. Mama wa watu hakujaliwa mtoto. Miguu yake ilikuwa imechoka, na alichokitaka duniani ni kumkabidhi duka mtu wa damu yake. Alishamwita fundi, kibao cha nje kikaandikwa "Angelina Fashion". Angelina alipokiona alimkumbatia, wakalia wote wawili pale pale barabarani, na mikokoteni ikawapita pembeni.

Duka likamkubali. Wateja ndio waliokuwa na mambo yao. Mle ndani mna benchi, na mtu aliyezunguka Kariakoo tangu asubuhi akiona benchi huwa halizungumzii, analivamia. Lakini tangu Angelina ashike duka, hakuna aliyekaa. Wakiingia wanajipanga ukutani, mikono nyuma, wanamtazama. Akiwakaribisha benchini wanatabasamu tu.

Na ule ukimya! Kila asubuhi akifungua duka na kuvuka kizingiti, mtaa mzima ulinyamaza. Kariakoo hii hii ya vipaza sauti na wabeba mizigo wanaofokea watu wawapishe njia. Kwa kitambo kidogo palikuwa hakuna kitu ila pumzi zilizozuiwa, pumzi nyingi, ndogo ndogo, nyuma ya vitenge. Kisha kelele zinarudi kama kawaida, na yeye anabaki na vipele vya baridi mikononi katika joto lile.

Siku moja akaja Bibi Mwanamkuu, mteja wa siku nyingi kutoka Magomeni, anayetembea kwa mkongojo.

"Shikamoo, bibi. Karibu ukae hapo upumzike."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sikai. Ntakaaje na mwalimu kasimama?"

Angelina akaacha kukunja dera alilolishika. Hakuna mteja aliyewahi kuambiwa kwamba yeye alifundisha. "Mwalimu gani, bibi?"

Bibi akashtuka kuliko yeye. "Nimesema mwalimu? Uzee huu jamani!" Akacheka, akanunua dera lake, akaondoka na magoti yake mabovu bila kugusa benchi.

Mchana ule ule Angelina akampigia simu Mwalimu Ignasi, naye akapokea mara moja, kana kwamba tayari yuko juu ya kichuguu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Angelina. Nilijua utapiga."

Akaona haya hata kuuliza. "Darasa la tatu... siku ile niliyoondoka, watoto walikaa?"

"Walikaa hata vumbi la gari halijatulia," Mwalimu Ignasi alisema. "Wako salama, wananenepa tu." Angelina nusura apige kigelegele. "Na wewe je," sauti ikaendelea polepole, "umeshakaa?"

Alitaka kujibu ndiyo. Akapekua kichwani. Chakula anakula ameegemea kaunta. Kwenye basi anashika bomba. Kanisani anabaki mlangoni na akina mama wenye vichanga. Ukiacha kulala, tangu afike Dar hakukumbuka kuketi popote. Bongo kila mtu yuko mbioni, nani angegundua?

"Mimi nilipoondoka hapa nilisimama Lindi mjini mpaka miguu ikavimba," Mwalimu Ignasi alisema. "Na aliyekuwa hapa kabla yangu ni hivyo hivyo. Watu wakituona huku wanasema ni wito. Tunawaacha waseme. Nafasi yako ipo."

Shangazi Evelyn, aliyekuwa pembeni akihesabu vitenge, alikuwa amesikia yote. Akaburuta kiti cha plastiki. "Kaa hapa, acha upuuzi."

Angelina akajaribu. Magoti hayakukunjika. Shangazi akamkandamiza mabegani, kwanza kwa hasira, halafu kwa woga, uzito wake wote, "Yesu wangu, Yesu wangu," na wapi. Wateja wakatazama kutoka ukutani. Hakuna aliyecheka.

"Sema unabaki na mimi," shangazi akamsihi. "Sema, mwanangu, labda itakuachia."

"Nabaki na wewe, Shangazi." Alisema kweli tupu, alimpenda. Maumivu yakampanda mpaka kiunoni, akapiga yowe.

Wakatazamana. Wote wawili walishajua.

"Nitarudi Namihondo," Angelina akanong'ona.

Magoti yakalegea, akadondokea kitini. Utamu wa kuketi ulimtoa machozi, na aliona aibu kuufurahia mbele ya shangazi ambaye yeye mwenyewe amemvunja moyo. Wateja wakashusha pumzi, wakaanza kugombania benchi na kuuliza bei ya vitenge.

Akainuka upesi, akamsogezea shangazi kile kiti. "Kaa, Shangazi. Miguu inakuuma."

Shangazi Evelyn akakishika kiti, akainama kidogo, akanyooka. Akajaribu tena. Magoti yake nayo hayakukunjika.

"Nitakaa baadaye," alisema, akakirudisha kiti ukutani. "Wewe nenda kafungashe."