Swali la Kazi Nzito

Seremala mstaafu alifungua mlango nusu, akauzuia kwa mguu. Nje alisimama msichana mwenye kitambulisho cha chuo shingoni.

"Shikamoo, babu. Mimi ni mtafiti. Naomba kukuuliza unavyoushughulisha mwili wako."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Chuo. Tunapita kwa wazee wa mtaa mzima."

Hakuamini. Tangu mkewe afariki, binti yake alikuwa akimsihi ahamie kwake, kisha hivi karibuni akanyamaza ghafla. Kimya hicho ndicho kilichomtia mzee wasiwasi. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza. Akamkaribisha mtafiti ndani, ili naye amchunguze.

"Wiki iliyopita ulifanya kazi nzito?"

"Kila siku. Napasua mbao."

Msumeno ukutani ulikuwa umeliwa na kutu. Mtafiti aliutupia jicho, akaandika.

"Na ukisikia 'kazi nzito', unaelewa nini?"

"Ala! Umeuliza, nimejibu. Sasa unaniuliza maana ya swali lako mwenyewe? Huo mtego."

"Si mtego, babu. Maswali haya yalitungwa kwa wazee wa nchi nyingine. Humu mna kuogelea, mna kukata majani kwa mashine. Tunataka kujua watu wa hapa wanayaelewaje, kabla hatujaanza kuyatumia."

"Majibu anapelekewa nani?"

"Hatuandiki jina."

"Lakini nyumba umeshaijua."

Mtafiti akafunga daftari lake. Aliaga, akaahidi kurudi.

Jioni binti yake alipoingia, mzee hakungoja hata salamu. "Umemtuma mtu aje anikague kama ng'ombe wa mnadani!"

"Mimi? Sijamtuma mtu, baba. Haki ya Mungu." Kisha akainamisha macho. "Ila nilimwomba jirani awe anakuangalia."

"Ahaa!"

"Alisikia kishindo bafuni, baba. Ukamwambia ni ndoo."

Mzee akanywea. Haikuwa ndoo. Siku ile aliteleza, akakaa pale sakafuni akishika huku na kule, mpaka miguu ilipokubali kumwinua. Hakumwambia mtu, akihofia kuhamishwa. Sasa alimweleza binti yake yote, huku akitazama pembeni.

"Huhami," binti alisema. "Lakini tutaweka chuma cha kushikia."

Mtafiti aliporudi, mzee alimwambia, "Futa zile mbao. Kazi yangu nzito ni kuinuka nikiwa chini."

"Hilo halimo kwenye maswali yetu."

"Basi litie. Wenzangu wengi watakudanganya kama mimi, usipowauliza hivyo."

Akaandika. Mzee akanyoosha shingo kuhakikisha hakuongeza lingine.

Chuma kilifungwa na fundi aliyeletwa na binti. Fundi alipoondoka tu, mzee alichukua bisibisi, akaikaza upya kila skrubu, kisha akamwita binti yake bafuni.

"Ning'inia wewe kwanza," alisema. "Nione."