Vikombe vya Saa Sita

Bibi hakuwa na saa ya ukutani, wala hakuihitaji. Alikuwa na vikombe vinane vya bati vilivyoning'inia kwenye misumari jikoni. Vikigongana, kling'!, anajua ni saa sita kamili, anabandika sufuria. Jumapili vilikaa kimya, naye alipika kwa kubahatisha. Mara chakula kibichi, mara kimeungua.

Wiki ile mjukuu wake, yule wa ofisi ya matetemeko ya ardhi, alikuja na kompyuta, akajitandaza kwenye meza ya chakula. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwita, "nani kakuudhi nikamcharaze?"

"Hesabu, Bibi. Kesho kutwa natakiwa kusema ardhi ya hapa inatetemeka mara ngapi kwa mwaka. Ukijua madogo ni mangapi, unakadiria kubwa linaweza kuja baada ya muda gani. Sasa tangu tufunge mashine hapa, mwaka mmoja tu, yamefika mia tatu na kumi! Kwa hesabu hiyo zahanati mliyoahidiwa haijengwi hapa. Itahamishiwa ng'ambo ya mlima."

Bibi aliacha kuchambua mboga. Dawa yake ya presha aliifuata huko huko ng'ambo, nusu siku kwa miguu, na magoti yalikwisha kumwambia kwamba safari hizo basi.

"Mia tatu? Tangu niolewe hapa sijatikiswa hivyo hata na babu yako."

"Bibi! Mashine haisemi uongo."

Kling'! Vikombe viligongana. Mjukuu akaruka kitini. "Umesikia? La mia tatu na kumi na moja hilo!"

"Hilo ni saa sita," alisema Bibi, akipuliza moto. "Baruti ya machimbo ya kokoto. Kaa ufanye kazi yako."

Mjukuu akamgeukia. "Kila siku?"

"Jumapili hawapasui. Wewe tetemeko gani umeliona linapumzika Jumapili?"

Binti aliirukia kompyuta. Siku zote alikuwa ameangalia ukubwa na mahali. Safu ya saa hata hakuigusa. Akaishusha kwa kidole: saa sita, saa sita, saa sita. Jumapili, patupu.

"Ole wangu! Nimehesabu baruti mwaka mzima!"

"Basi futa zote, zahanati ibaki," Bibi alisema upesi.

"Siwezi, Bibi. Je, kama humo ndani yamo ya kweli? Watu watalala kwenye jengo lile."

Bibi aliweka mboga kando. Akajifunga kanga. "Twende kwa Kishindo. Ana daftari."

Kishindo, mpasua miamba, alikuwa ameharibika masikio kwa kazi, kwa hiyo alizungumza kwa kupiga mayowe. "SHIKAMOO MAMA!"

"Marahaba. Usinipasue, mimi si mwamba."

Daftari lake lilikuwa na kila mlipuko, tarehe na saa. Bibi alisoma polepole, kidole kikitangulia. Mjukuu akaweka alama. Jioni matetemeko mia tatu na sita yalikuwa yamepata mwenyewe. Yalibaki manne, na moja kati yake lilikuwa la mchana, dakika chache tu baada ya baruti.

"Hilo nalikumbuka," alisema Bibi. "Vikombe vililia mara mbili, nikabandika sufuria mbili. Tulikula kiporo siku tatu."

"Hilo ni la kweli," mjukuu alisema, akaliacha kwenye orodha. Manne kwa mwaka. Aliandika nguzo za zahanati ziongezwe chuma, akaambatisha nakala ya daftari la Kishindo, akapeleka ofisini.

Mwezi uliofuata msingi ulianza kuchimbwa, hatua mia mbili kutoka kwa Bibi. Kokoto zilihitajika nyingi, Kishindo akawa anapasua na saa tisa. Vikombe vikilia mara ya pili, Bibi huwabandikia mafundi chai.

Simu ya mjukuu nayo haikosi. "Bibi, hilo la saa tisa ni tetemeko?"

"Ni chai, mke mwenzangu. Andika chai."