Shati la Jumamosi

Mtoto wa muuza mitumba haliamini shati kabla hajalikagua kwapa. Kola inaweza kukudanganya, vifungo vinaweza kung'aa kama meno ya mgombea, lakini kwapa halijui kusema uongo; nguo ikitaka kuoza huanzia hapo. Binti huyu alikulia chini ya meza ya mama yake, katikati ya marobota, na hata kabla hajaanza shule alikuwa keshawatoa jasho wachuuzi wazima. Ndiyo maana nyumbani wakamwita Bi Kwapa, na jina hilo likapanda naye ndege alipokwenda kusomea ufamasia ng'ambo, katika mji uleule ambako kaka yake alikuwa akimalizia uhandisi wa maji.

Hakusafiri na jina tu. Alisafiri na kazi.

"Mwanangu," mama yake alimwambia siku ya kuagana, akimfunga skafu kama anayefunga robota, "kaka yako ana jambo. Mtoto wa jirani anayeishi hukohuko amemwona. Kila Jumamosi anajipiga pasi, anaingia kwenye jengo moja, na humo ndani wanaume na wanawake wanashikana viuno mchana kweupe. Mjomba wako keshasema: likithibitika, arudi nyumbani, masomo yaishie hapohapo. Mimi nimemwambia asubiri jicho lako."

"Na lisipothibitika?"

"Lisemwalo lipo. Wewe kagua."

Basi Bi Kwapa akakagua. Na kila alichokikagua kilizidi kumnukia vibaya. Huyu kaka, ambaye nyumbani alikuwa haogi mpaka abembelezwe, sasa anakata kucha bila kuambiwa. Mwanamume akikata kucha mwenyewe, ujue kuna mkono anaogopa kuukwaruza. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa hadi unaweza kujipakia wanja kwa kuvitazama. Halafu anatafuna pipi za mnanaa, yeye aliyekuwa akidai kupiga mswaki kunamaliza meno!

"Unakwenda wapi na viatu vya harusi?" alimuuliza Jumamosi moja, wakinywa chai chumbani kwa kaka, bwenini.

"Maktaba."

"Vitabu vya huku vinataka mnanaa?"

"Bi Kwapa, kunywa chai yako."

Akainywa, ikamuunguza, maana alikuwa na haraka. Kaka alipokata kona ya kwanza, dada alikuwa kona ya nyuma. Maktaba ilipita upande wa kulia; kaka hakuisalimia hata kwa jicho. Akaingia ngazi nyembamba ubavuni mwa duka la fundi baiskeli, na punde muziki ukasikika juu.

Bi Kwapa alipanda ngazi kwa vidole kama paka anayeijua harufu ya jikoni. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Akatia jicho moja. Kabla hajatia la pili, mlango ukafunguliwa na mama mfupi mwenye filimbi shingoni.

"Umechelewa! Tumepungukiwa na mwanamke. Vua koti."

"Mimi natazama tu."

"Mimi ndiye mwalimu hapa, na darasa langu halina watazamaji. Weka mkoba pale."

Koti alilivua. Mkoba, hapana. Ulikuwa na pasipoti yake, na mama hakumfundisha kuacha mzigo juu ya kiti cha watu asiowajua.

Ukumbi ulikuwa mpana, sakafu ya mbao, vioo upande mmoja. Wanawake walikuwa duara la ndani, wanaume duara la nje, kila mmoja mbele ya mwenzake. Kaka yake alimwona, uso ukamshuka kama bei ya makoti msimu wa joto.

Utaratibu wenyewe ulimshtua Bi Kwapa kuliko uvumi. Mnashikana, mnacheza kidogo, mwalimu anapuliza filimbi, wanaume wanasogea, mnashikana na mwingine. Hakuna anayeona haya, hakuna anayeomba ruhusa! Mtu angeweza kushikwa na mtaa mzima kabla chai haijapoa.

Wa kwanza alikuwa daktari wa meno mstaafu, mwenye mikono mikavu na adabu nyingi.

"Samahani, binti. Mkoba wako unanipiga figo."

"Pole, babu. Vumilia tu, huu hauachwi."

Wa pili alikuwa mwoka mikate, unga bado uko kwenye nyusi.

"Mbona unanitazama kwapani?" akauliza.

"Mazoea ya kazi."

Mwoka mikate akakibana kiwiko mpaka filimbi ilipomwokoa.

Muda wote huo jicho la Bi Kwapa lilikuwa kwa kaka. Alimwona akimzungusha bibi mmoja aliyeitundika fimbo yake kwenye kiti. Huyo akamsamehe. Kisha akamwona na mwanamke wa gauni jekundu, aliyecheka na kichwa akakitupa nyuma. Ahaa! Anacheka nini? Kaka yake hakuwahi kusema jambo la kuchekesha tangu azaliwe. Ripoti ya kumpelekea mama ikaanza kujipanga yenyewe kichwani.

Filimbi ikalia. Aliyekuja mbele yake alikuwa kaka.

Kwao, ndugu wa kike na wa kiume wakishakua hawashikani viuno. Wakashikana ncha za vidole, katikati yao pakabaki nafasi ya kupitisha ng'ombe na mchungaji wake.

"Karibianeni!" mwalimu akapiga kelele. "Mna ugomvi?"

"Ni dada yangu," kaka akajitetea.

"Basi ugomvi upo," mwalimu akasema, akawasukuma.

Wakaanza kunong'onezana, nyuso wamezielekeza ukutani.

"Maktaba, ee?"

"Mguu wa kulia nyuma."

"Mama ana habari zako zote. Mjomba anataka urudi nyumbani, masomo kwaheri. Wananisubiri mimi tu."

"Nyuma, nimesema. Unanikanyaga."

"Nakukanyaga makusudi. Ni yupi kati yao?"

Badala ya kujibu, kaka aliinua mkono amzungushe, kama mwalimu alivyoagiza. Kwapa likapita mbele ya macho ya Bi Kwapa, naye, kwa mazoea tu, akalikagua.

Shati lilikuwa jeupe, pasi imekaa, kola safi. Lakini kwapani lilikuwa limechanika na kushonwa kwa uzi mweusi, mishono mirefu ya gunia, likachanika tena, likashonwa tena juu ya ileile. Bi Kwapa akakosea hatua. Mwanamume mwenye mtu wake hatembei na kwapa kama lile. Mwenye mtu wake angechekwa, angevuliwa, angeshonewa.

"Nani amekushonea hapa?"

"Mimi."

"Na hawa wako wote wa Jumamosi?"

Kaka akajibu kama anayeungama wizi.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nakwenda zahanati ya chuo kupima presha. Mzima kabisa. Nilikwenda ili muuguzi anishike mkono anapofunga kile kitambaa. Siku moja akaniuliza ninaumwa nini hasa. Nikaona aibu, sikurudi." Akamvusha hatua moja. "Watu wa huku ni wema, Bi Kwapa. Watakuonyesha njia, watakupisha kiti. Lakini mikono wanaitia mfukoni. Nyumbani, kutoka mlangoni mpaka sokoni, unashikwa na wangapi? Hapa nilikaa mpaka nikajiona picha ya ukutani. Halafu nikapita chini ya ngazi hizi, nikasikia muziki."

Bi Kwapa akamkumbuka mtu wa mwisho kumgusa yeye mwenyewe. Alikuwa askari wa kike wa uwanja wa ndege, aliyempapasa kutafuta silaha. Na Mungu amsamehe, alikuwa ameinua mikono kwa furaha.

Akauvua mkoba begani, akauweka kwenye kiti, karibu na ile fimbo.

"Haya, shika vizuri basi," akasema. "Unanishika kama samaki."

Darasa lilipokwisha, simu ililia palepale mbele ya duka la fundi baiskeli. Mama. Kaka akaacha kutafuna mnanaa, akasogeza sikio kwenye simu.

"Umekagua?"

"Nimekagua, Mama."

"Wanashikana?"

Angeweza kusema uongo, lakini nani aliwahi kumuuzia mama yake shati bovu? "Wanashikana. Hata mimi nimeshikwa. Na daktari wa meno, na mwoka mikate."

"Na kaka yako?"

"Shati lake jeupe, Mama. Kwapani kashona mwenyewe kwa uzi mweusi, mishono ya gunia. Kashona juu ya kushona."

Mama yake alikuwa amesoma maisha ya watu kwenye mashati yao miaka yote. La mwanawe hakuhitaji kutafsiriwa. Akauliza kwa sauti ndogo.

"Ina maana huko hana hata wa kumwambia, inua mkono nikuone?"

"Hakuwa naye."

"Mjomba wako niachieni mimi. Mtoto amalize masomo yake, na acheze. Wewe hilo shati lifumue, ulishone upya, leo hii."

"Sawa, Mama."

Kaka akashusha pumzi, akaegemea ukuta wa fundi.

"Ngoja," mama akasema. "Katika hao wanaoshikana, hamna hata mmoja anayecheka sana?"

Bi Kwapa akamtazama kaka yake. "Yupo mmoja. Wa gauni jekundu."

"Nani, yule?" kaka akadakia, na hakuna aliyemuuliza. "Yule ni mtu wa haraka tu, hata hakai, hata jina silijui vizuri."

Kisha akatia mdomoni mnanaa mwingine.

"Mama," Bi Kwapa akasema taratibu, jicho halijabanduka, "Jumamosi ijayo nitarudi kukagua."