Kadi za Harusi Nisiyoikubali

Ndugu Wahome alisimama katikati ya ibada ya saa ya lanchi, akashika maikrofoni, akasema Mungu amempa mke. Watu wakapiga makofi. Kisha akaninyooshea mkono mimi, Naliaka, nimeketi mstari wa mbele na kayamba yangu mapajani. Makofi yakageuka vigelegele.

Ati mke! Na mtu huyu hajawahi kuninunulia hata soda.

Hiyo ilikuwa 2006. Ushirika wetu ulikutana kila Jumatano kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vyuma, River Road. Makarani, mafundi, wauza duka, tuliacha chakula cha mchana tukaja kuomba. Mimi ndiye niliyeongoza nyimbo. Nilikuja kutoka Bungoma sina mtu hapa mjini, na wale ndio waliokuwa jamaa zangu. Nilipougua taifodi walipokezana kuja mpaka Kinoo, kwenye chumba changu, kunipikia uji. Kwa hivyo usinicheke nikikuambia kwamba siku ile nilitabasamu, nikasema, "Bwana asifiwe, nitaomba."

Na jameni, niliomba. Nilifunga mpaka sketi ikanilegea kiunoni. Wahome si mtu mbaya: hanywi, ana kazi yake ya benki, anapiga kinanda vizuri. Lakini kila nilipomtaja mbele za Mungu, moyo ulikuwa mzito tu. Nikaenda Muthangari kumwona Mama Mbithe.

Mama Mbithe ndiye kiongozi wetu, na ndiye aliyenilea katika wokovu. Nikitaka kuhama nyumba, nilimuuliza. Nikitaka kunyoa nywele, nilimuuliza. Hakutulazimisha, ndivyo tulivyozoea sote. Tulimpelekea jambo, akaliombea, akatuambia Mungu amesema nini.

"Mama, sina amani na hii ndoa," nikamwambia.

Akanimiminia chai. "Binti yangu, amani huja baada ya utiifu. Wewe bado mchanga kiroho. Mtu aliyekomaa hashindani na Mungu."

"Lakini mimi hajaniambia."

"Ameniambia mimi," akasema, akanisukumia sahani ya mandazi.

Nilitoka pale nimekasirika, halafu nikajikemea njia nzima kwa kukasirika.

Sasa sikia kilichofuata. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kupiga chapa, hapo hapo River Road, kazi yangu kupanga maandishi ya kadi kwenye kompyuta. Jumatatu asubuhi akaingia Wahome na suti imenyooka, akaweka karatasi kwenye kaunta mbele ya bosi wangu, Omollo. Walitaka kadi za mchango wa harusi. Kamati ilishaundwa, mwenyekiti Mama Mbithe. Bwana harusi, Wahome. Bibi harusi, mimi.

"Dada, tumeonelea tulete kazi kwako," akasema kwa furaha. "Utatufanyia bei ya jamaa."

Yaani mimi mwenyewe nijipangie kadi, na niwapunguzie bei! Damu ilinipanda kichwani.

"Wahome, nilikukubali lini?"

Akashangaa kweli kweli. Afadhali angekuwa mwongo, ningemtukana nikapumua.

"Si Mungu amesema?"

"Nimekuuliza mimi nilisema nini."

Omollo akaanza kutafuta gundi ambayo ilikuwa mbele ya macho yake. Nikamrudishia Wahome karatasi yake. "Hii haipigwi chapa hapa. Na ukiipeleka kwa jirani, mjue siku ya harusi mtakuwa na keki bila bibi harusi."

Kesho yake simu ikalia, ujumbe wa Mama Mbithe: Jumatano nisimame nitubu uasi wangu mbele ya ndugu, la sivyo nitoke kwenye ushirika. Nililia, sikufichi. Nani angeniletea uji tena?

Jumatano ukumbi ulijaa. Kawaida yetu, ukitubu unapiga magoti, Mama anakuwekea mkono kichwani, anatangaza kwamba Mungu amekusamehe. Akanipa maikrofoni, akanionyesha mahali pa kupiga magoti. Nikabaki nimesimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nilipookoka sikujua kuomba. Mama Mbithe alinishika mikono akaniambia, sema tu, Mungu anakusikia wewe mwenyewe. Nilimwamini, na bado naamini. Basi leo naomba hapa hapa, mbele yenu." Nikafumba macho. "Baba, ni mimi Naliaka. Kama umenipa Wahome awe mume wangu, niambie. Nasikiliza."

Nikanyamaza.

Wakadhani nitaendelea. Sikuendelea. Huko chini mtu alikuwa anakata mabati. Mzee mmoja akasema "Yesu" kwa sauti ndogo, akaacha. Nilihisi mkono wa Mama Mbithe ukivuta maikrofoni, nikaikaza. Haki ya Mungu, sikuwa wa kuketi.

"Hajasema," nikasema, nikafumbua macho. "Siku akisema, nitawaambia mwenyewe. Na mambo ya kutoka kwenye ushirika, hayo pia nitamuuliza yeye."

"Naliaka! Huu ni utoto!"

"Utoto ni pale nilipokuja kukuuliza kuhusu nywele, Mama. Ulinifundisha vizuri. Kwa nini sasa unaogopa?"

Nikamrudishia maikrofoni. Kisha nikarudi kwenye kiti changu cha mbele.

Uongozi wa nyimbo walininyang'anya siku hiyo hiyo. Jumatano iliyofuata nilikuja na kayamba yangu, nikaketi palepale. Wengine walisogeza viti vyao mbali nami. Valarie, aliyepewa nafasi yangu, akaanzisha wimbo juu sana, watu wakashindwa kuufikia. Nikauimba kutoka kitini, chini kidogo, bila maikrofoni, na mmoja mmoja wakanifuata. Mama Mbithe alitazama dirishani mpaka wimbo ukaisha.

Baada ya ibada Wahome alinisubiri kwenye ngazi. Nikajiandaa kwa vita.

"Dada, umeniaibisha," akasema.

"Na wewe je, mbele ya watu wote wale?"

Akainamisha kichwa. "Mimi sikuonyeshwa kitu. Mama ndiye aliyeniambia nimeonyeshwa."

Nikataka kucheka, nikaona macho yake yana machozi. "Na wewe ulimuuliza Mungu?"

"Huwa namuuliza Mama." Akajipangusa kwa mkono wa suti. "Kuuliza mwenyewe naanzaje?"

"Anza na jina lako."

Watu walikuwa wanashuka wakitusukuma, kila mtu anakimbilia kazini. Wahome akashika ukuta, akafumba macho palepale kwenye ngazi.

"Baba," akasema. "Ni mimi Wahome."