Sifuri ya Mbele

Barua ya hospitali kwa Mama Dulcie ilirudi mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyejisumbua kumwambia. Raelene, bintiye, aliyajua hayo saa nne asubuhi akiwa kazini mjini Alice Springs, katikati ya Australia, alipopiga simu hospitali kuuliza mbona mama yake hajaitwa kutolewa mtoto wa jicho. Madaktari wa macho huja wiki moja tu kwa mwaka. Wiki yenyewe ilikuwa inaanza Jumatatu.

"Tulimwandikia mara mbili, barua zikarudi, naye hakujibu," alisema mwanamke wa hospitali. "Nafasi yake kapewa mwingine. Pole, mpenzi."

"Atajibuje kitu ambacho hakukipata? Hebu nisomee anwani kwenye bahasha."

"Red Gum Bore, 872."

Postikodi ya kijijini kwao, yaani namba ya posta ya eneo, ni 0872, tarakimu nne, sifuri ikiwa mbele. Mashine ya posta ikiona tarakimu tatu, inaitupa barua pembeni. Raelene hakuwa na haja ya kuuliza sifuri imepotelea wapi. Kazi yake ni kuandika miongozo ya kuundia hifadhidata, maghala ya taarifa kwenye kompyuta, na hospitali ile ilijenga ya kwake kwa kufuata mwongozo wake, neno kwa neno. Akafungua ukurasa wa arobaini na moja. Jedwali la wagonjwa, safu ya postikodi, aina ya data: namba kamili. Na kompyuta ukishaiambia kitu ni namba, sifuri ya mbele inaiona takataka, inaifuta. Ilipaswa iandikwe: maandishi.

Aliinakili safu ile kutoka rasimu ya makao makuu, Melbourne, miaka mitatu iliyopita, bila kufikiri. Watu wa Melbourne postikodi zao zinaanza na tatu, wangejulia wapi? Lakini yeye, aliyeandika 0872 kwenye bahasha tangu ana meno ya utoto! Aibu ilimchoma masikio.

Alisahihisha, kisha akampigia Grant, mkubwa wake kule Melbourne, ambaye bila yeye hakuna neno linalobadilika.

"Rae, si tarakimu tupu hizo? Namba hiyo."

"Umewahi kujumlisha postikodi mbili, Grant?"

Akacheka. "Haya, umeniweza. Nimeidhinisha. Itatoka kwenye toleo la Novemba."

"Na hospitali?"

"Wakisoma, watabadilisha."

"Nani anarudi kusoma mwongozo wa kitu alichokwisha kukijenga?"

"Hakuna," Grant alikiri, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetazama saa. "Sasa tufanyeje, rafiki yangu?"

Raelene akapiga tena hospitali, akaeleza yote, akaomba, akabembeleza. Yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. "Orodha imejaa," alisema. "Nikimrudisha mama yako, niambie nimwondoe nani."

Ikabaki simu moja, ile aliyoiogopa. Red Gum Bore walikuwa wanacheza karata kama kila siku, alizisikia zikipigwa chini.

"Mama, ni sifuri. Sifuri ilidondoka kwenye anwani yako, barua ya macho haikufika."

"Sifuri? Si ndiyo ile isiyo kitu?"

"Ndiyo hiyo."

"Eeh. Na nani kaidondosha?"

Angeweza kusema Melbourne, na mama yake angeamini mara moja. "Mimi, mama. Niliandika vibaya kitabuni."

Nyuma ya mama, dada yake Maudie akapaza sauti: "Dulcie, zamu yako! Au umelala?"

"Nisamehe, mama. Nimesahihisha, lakini kwako haisaidii kitu. Mpaka mwakani."

"Mwakani," mama alirudia, taratibu. Kisha akasogeza simu karibu na mdomo, akanong'ona. "Basi njoo Jumamosi, ukae nyuma yangu unisomee karata. Huyu Maudie kila ninayoshika ananiambia ni ya mbili tu."