Boga la Mama Mwaka Huu

Roswitha Quandt na kaka yake Hartwig walinuniana miaka miwili kwa sababu ya saladi ya viazi. Siku ya kumzika mama yao, Hartwig alionja kijiko kimoja mbele ya ndugu na majirani, akaweka sahani mezani na kusema, "Mama angekuwa hai, hii angeitema." Watu walicheka. Roswitha alimfuata hadi uani akamwambia, "Siku utakayokosoa tena chakula changu, usikanyage kwangu." Hartwig, ambaye ubishi wake hauna tofauti na wa dada yake, alichukua koti lake akaondoka bila kuaga.

Mama aliwaachia kiwanja cha mboga nyuma ya reli, kwenye bustani za pamoja za mtaa, na kibanda chake cha mbao chenye jiko la gesi. Hartwig hakutaka kushika jembe, kwa hiyo Roswitha alikilima peke yake. Alipanda viazi, vitunguu, kabichi, na juu ya yote maboga ya mama. Kila mwaka marehemu alichagua boga nono kuliko yote, akakausha mbegu zake juu ya gazeti, akazipanda mwaka uliofuata. Roswitha aliendelea vivyo hivyo. Hakuwahi kununua mbegu za boga dukani, na akisikia mtu ananunua alimhurumia.

Majira ya mapukutiko ya majani yalipoanza, Hartwig alipiga simu.

"Bado una maboga?"

"Ninayo."

"Nikija Jumapili utanipa supu?"

Roswitha alihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Sitasema neno," Hartwig akasema. "Hata ukinipikia soksi. Naapa."

"Soksi zako zingeongeza ladha," Roswitha akamjibu, na wote wawili wakacheka kicheko cha watu waliosahau namna ya kucheka pamoja.

Jumapili hiyo kulinyesha manyunyu na njia za bustani zilijaa majani ya mitufaa. Roswitha alikuwa na mafua makali. Tangu asubuhi alikuwa akinywa dawa ya maji ambayo ilimwachia kinywa kichungu. Hata hivyo alikata boga kibandani, akalimenya, akalipika na vitunguu na viazi vyake mpaka likalainika, akaliponda kwa mwiko. Alipoonja alisikia uchungu ulimini. Akaonja tena. Hii dawa, akajisemea, imeniharibia ulimi. Akatia krimu, akatia na sukari kidogo, akafunika sufuria.

Hartwig alifika na keki ya plamu kutoka kwa mwokaji, nywele zimemlowa. Amezeeka, Roswitha akawaza. Hawakukumbatiana. Hartwig alisimama mlangoni akitazama kitambaa cha meza cha mama, na koleo la mama lililoning'inia ukutani palepale lilipokuwa zamani.

"Kaa basi," Roswitha akasema. "Au unangoja mhudumu?"

Alimpakulia bakuli hadi ukingoni. Yeye alijipakulia upawa mmoja tu, maana mafua yalikuwa yamemkata hamu. Hartwig alitia kijiko cha kwanza kinywani, akatulia kidogo, akameza. Roswitha alikuwa anamtazama usoni, macho makavu, kama anayesubiri ngumi.

"Vipi?"

"Supu," Hartwig akasema. "Supu ya boga."

"Najua ni supu ya boga. Nauliza vipi."

"Nzuri."

Akala ya pili, ya tatu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Walizungumza habari za paa la kibanda, za binamu yao aliyehamia Bremen, na jinsi mama alivyokuwa akiwatuma kukusanya konokono kwenye ndoo, mmoja akiwaiba kutoka ndoo ya mwenzake ili ahesabiwe wa kwanza. Bakuli lilipokwisha, Roswitha aliinua upawa.

"Niongeze?"

Hartwig aliutazama ule upawa. Kisha akamtazama dada yake, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kulainika kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Ongeza."

Hawakufika kwenye keki. Hartwig alianza kushika tumbo, akasema hewa ya humu ndani ni nzito, akatoka. Roswitha alimsikia akitapika nyuma ya pipa la mboji. Alipomfikia alikuwa amepiga magoti kwenye majani, uso umepauka, na kila alipojaribu kusimama alitapika tena. Na yeye mwenyewe tumbo lilikuwa linamkata. Akapiga kelele. Jirani wa kiwanja cha pili, mzee Ottfried, alitoka mbio na mikasi ya kupogolea mkononi, ndiye aliyeita gari la wagonjwa.

Hospitalini daktari kijana alimuuliza Roswitha walikula nini, na boga lilitoka wapi.

"Ni letu. Mbegu za mama yangu."

"Lilikuwa chungu?"

Roswitha akamweleza habari ya dawa ya mafua.

Daktari alimweleza taratibu. Boga chungu ni sumu. Hutokea nyuki wakaleta kwenye ua la boga la kuliwa chavua ya vibuyu vya mapambo vilivyo karibu, na mbegu zake zikipandwa mwaka unaofuata huzaa matunda yenye sumu hiyo, ingawa kwa macho hayana tofauti. Uchungu ndio dalili pekee. Mwenye kuusikia hutema.

Roswitha aliikumbuka vizuri ile safu ya vibuyu vya mapambo, vya njano na vya kijani, vilivyotambaa juu ya uzio wa Ottfried mwaka jana. Alikuwa amevisifu.

Yeye alipona kesho yake. Hartwig alibaki siku nyingi kwenye dripu, figo zimedhoofika. Siku aliporuhusiwa kuongea na wageni, Roswitha aliketi kando ya kitanda bila kuvua koti.

"Uliusikia uchungu?"

"Chungu kama shubiri," Hartwig akasema kwa sauti nyembamba. "Kijiko cha kwanza tu."

"Sasa mbona ulikula, mpumbavu wewe? Mbona uliongeza?"

"Ulikuwa unanitazama."

Roswitha alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Hartwig alinyoosha mkono wenye sindano, akashindwa kumfikia, akaurudisha juu ya blanketi.

Wiki hiyo Roswitha aling'oa mashina yote ya maboga. Ottfried alisimama upande wake wa uzio, kofia mkononi.

"Sikujua, Bi Quandt. Nyuki hawajui mpaka. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua," Roswitha akamwambia, lakini hakuinua uso.

Maboga aliyabeba kwa toroli hadi kwenye pipa la taka, moja moja, mazito na mazuri, na lile alilokuwa ameliweka kwa ajili ya mbegu pia. Mbegu za miaka ya nyuma hakuwa nazo. Alikuwa akipanda zote kila mwaka kama mama. Alipomaliza alisimama mbele ya udongo mtupu mpaka miguu ikamganda.

Hartwig alirudi kwake figo moja ikiwa bado dhaifu. Sasa yeye na dada yake hula pamoja kila Jumapili, viazi na kabichi za kiwanjani. Ila Roswitha hamruhusu kushika kijiko. Hula kwanza yeye, polepole, kisha huweka mikono mapajani na kungoja, akisikiliza tumbo lake. Hartwig hukaa upande wa pili akimtazama. Mara nyingine humwambia, "Yatosha, Roswitha, nina njaa." Naye hujibu, "Ngoja kidogo." Mvuke hupungua juu ya sahani, na hadi anapoitikia kwa kichwa kumruhusu, chakula kinakuwa kimeshapoa.