Kidole Gumba cha Hanumavva

Jumatatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Nagaveni alivua ndala mlangoni, akavaa sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko, akaingia chumba cha seva cha ofisi ya ardhi, mjini Davanagere. Nje jua lilikuwa linakaanga lami. Ndani kulikuwa na baridi, na feni zilivuma bila kupumua. Alianza kukagua taa za diski kama kila siku, huku akiwaruka watu waliokaa sakafuni.

Watu hao walikuja Januari, mwezi ule hati za vijiji zilipoingizwa kwenye mashine. Kila mwenye hati alifika na mkeka wake, akakaa mbele ya seva iliyomtunza. Na kwa kuwa kila hati huwekwa nakala tatu katika mashine tatu, kila mtu alikuja watatu, huku yeye mwenyewe akibaki kijijini. Ofisi ilibandika tangazo la kukataza kutema tambuu karibu na diski, kazi ikaendelea. Tabu yao ilikuwa moja tu, hawatulii. Diski moja ikielemewa, mzigo huhamishiwa diski nyingine, na mzigo ukihama, nao wanakunja mikeka, wanabeba sufuria, wanasogea hatua nne, wanakaa. Kabla makalio hayajapata joto, wanahamishwa tena.

Mashine zenyewe zilipewa majina ya mito ya kwao: Tunga, Bhadra na Hagari. Kazi ya Nagaveni, kwa mkataba wa miezi sita uliokwisha kurudiwa mara kumi na moja, ilikuwa kuhakikisha zote tatu zinasema neno moja. Moja ikifa, mbili zinaendelea. Moja ikisema lake peke yake, mbili zinaishinda, na mtu akibonyeza kitufe cha kusawazisha, inaandikwa upya ifanane na wenzake. Ni utaratibu mzuri sana, hasa ukiwa upande wa wawili.

Asubuhi hiyo taa ya Hagari ilikuwa ya njano. Hati namba 4417, ekari nne, kijiji cha Hosakatte, mwenyewe Hanumavva, mjane.

Hanumavva wa Tunga na wa Bhadra walikuwa wamevaa sari mpya, na vidole gumba vyao vya kushoto vilikuwa na wino wa zambarau. Wa Hagari alikuwa na sari ile ile ya Januari. Kidole chake kilikuwa kisafi.

"Bibi, mmeuza shamba?" Nagaveni aliuliza.

"Tumeuza," walijibu wawili kwa pamoja.

"Nani kauza?" aliruka wa Hagari. "Mimi sijauza hata bua la mtama! Nyie mmevishwa vitambaa mnajiona maharusi."

"Wivu huo," alisema wa Tunga.

"Wivu wa nini, wa rangi ya bilinganya?"

"Dole mliwekea wapi?" Nagaveni aliuliza tena.

Wa Bhadra alikigeuzageuza kidole chake. "Kusema kweli, mwanangu, sijui. Jumapili nilijinyoosha kidogo. Nimeamka, wino huu hapa."

Nagaveni alifungua kumbukumbu za mashine. Jumapili saa nane mchana, ofisi ikiwa imefungwa, ufunguo wa Bwana Virupaksha, mkuu wa ofisi, uliingia Tunga, kisha Bhadra. Hagari ilinusurika kwa sababu ilikuwa imezimwa tangu Jumamosi, ikingoja diski mpya. Nagaveni alikuwa ameifunga diski hiyo mapema Jumatatu hii.

Alipanda kwa bosi. Bwana Virupaksha ni mtu mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Akikuharibia, anakuharibia kwa adabu.

"Dada Nagaveni," alisema, "serikali ilinunua mashine tatu za nini? Zipige kura. Zimepiga."

"Bosi, waliopiga hawakumbuki kupiga."

"Mpiga kura gani anakumbuka? Alhamisi kampuni ya umeme wa jua inaweka uzio Hosakatte. Jioni hii nataka taa ya kijani."

Nagaveni alishuka ngazi, akapanda tena nusu, akashuka. Alimpigia simu Hanumavva mwenyewe, yule wa nyama na damu, aje. Nakala yenye muhuri hutolewa kwa mwenye hati tu, akiwa amesimama hapo hapo, na karatasi moja kutoka Hagari ingetosha kuwa ushahidi wake mahakamani. Lakini basi la Hosakatte lilikuwa limekwisha kuondoka. Angefika kesho yake.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya kuheshimu zana. Ofisi, kama ofisi zote za pale, ilikuwa ipake zana zake manjano na unga mwekundu jioni ya kuamkia: mashine ya kuchapa, mizani, gari la bosi, hadi stepla. Zana ikishapakwa, inapumzika. Haiguswi mpaka asubuhi ya siku inayofuata sikukuu.

Nagaveni hakungoja jioni. Saa saba kasoro aliifunga Hagari shada la maua ya njano, akaipaka manjano, akaiwekea nukta ya unga mwekundu juu ya kitufe cha kusawazisha.

Jioni Bwana Virupaksha alishuka mwenyewe, akanyoosha mkono, akaiona nukta, akaurudisha mkono mfukoni. Naye alikuwa ametoka tu kuweka ndimu chini ya matairi ya gari lake, kwa sikukuu hiyo hiyo.

"Umewahi," alisema.

"Zana ni zana, bosi."

Jumanne ofisi ilifungwa, lakini seva hazina likizo, na anayezitunza hana pia. Hanumavva aliteremka basi la kwanza, maana mabasi, kama seva, hayana likizo. Alivua ndala, akaingia, akawatazama wale watatu mmoja mmoja.

"Sari zimewapendeza," aliwaambia wawili. "Aibu ndiyo imewapwaya."

Wa Tunga akavuta mtandio usoni. Basappa muuza kahawa alileta kahawa moja ya kugawana, kama ilivyo desturi ya mji. Kwa kawaida hugawanywa vikombe viwili. Safari hii aliigawa vitano, bila kuuliza.

"Sasa bibi," Nagaveni alisema, "simama hapa. Nagusa mara moja tu, karatasi inatoka."

Aliinua kidole. Kikabaki hewani. Mbele yake kulikuwa na shada, manjano na ile nukta nyekundu aliyoiweka kwa mkono wake. Kamba aliyomfungia bosi ilikuwa imemfunga na yeye.

"Usithubutu, mwanangu," alisema Hanumavva. "Mundu wangu umelala nyumbani umepakwa. Ng'ombe nimemwacha bila majani kwa sababu hiyo. Leo nije nikivunjie heshima chombo chako?"

"Asiguse," alisema wa Hagari.

"Asiguse," walisema wa Tunga na wa Bhadra.

Tangu Jumapili hawakuwa wamekubaliana jambo lolote. Nagaveni alishusha mkono, akazunguka chumba mara saba, akamchukua bibi nyumbani kwake akalale. Asubuhi wangekuwa wa kwanza kufika.

Jumatano, kwa mujibu wa kalenda iliyotundikwa kila ukuta wa mji ule, saa njema ya kuamsha zana ilikuwa kumi na mbili na dakika kumi. Saa kumi na moja na nusu Nagaveni na Hanumavva walikuwa wamekaa ndani ya bajaji. Dereva naye alikuwa amekaa, mikono magotini.

"Washa basi, kaka!"

"Kumi na mbili na kumi, dada. Nayo imepakwa, huoni?"

"Tushuke twende kwa miguu?"

"Kwa magoti ya bibi huyu? Mtafika Ijumaa."

Bwana Virupaksha alikuwa amekuja kwa miguu. Saa kumi na mbili na dakika kumi kamili, akiwa ameoga na kupaka msandali kwenye paji la uso, aliinama mbele ya Hagari, akavua shada kwa mikono miwili, akaiomba radhi, akabonyeza.

Nagaveni alipoingia, wino ulikuwa ukipanda polepole kwenye kidole cha Hanumavva wa Hagari, kutoka kwenye ukucha. Wa Hagari alikuwa akiutazama kwa makini.

"Wino una baridi," alisema. Kisha akaanza kupanga begani mikunjo ya sari mpya, ambayo jana hakuwa nayo.

"Bibi, mmeuza shamba?"

"Tumeuza," walijibu watatu.

Hanumavva mwenyewe alinyoosha kidole chake. Kilikuwa kisafi. Nagaveni alimtafutia nafasi kwenye mashine asipate; hati moja ina nafasi tatu, na zote zilikuwa na watu. Mlango wa chumba cha seva lazima ufungwe baridi isitoke, kwa hiyo Hanumavva alitandika mkeka nje, kando ya ndala.

Alhamisi uzio uliwekwa. Nagaveni alijaza fomu ya siku: nakala, tatu; tofauti, hakuna. Mkataba wake ulirudiwa mara ya kumi na mbili.

Hanumavva bado yuko pale, na ng'ombe wake amefungwa kwenye nguzo ya maegesho. Bwana Virupaksha akipita hulazimika kumruka miguu, na husema, "Samahani, bibi." Bibi humwinulia kidole gumba, kisafi, karibu kabisa na pua yake. Bosi huinamisha kichwa, kama mtu aliyesalimiwa, akaingia ndani, ambako taa zote ni za kijani.